Kusikiliza kwa Makini na Kusoma Ishara za Mwili Katika Ushauri Nasaha: Mwongozo kwa Washauri wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaokaa na watu wenye shida katika Nyanda za Juu Kusini: washauri nasaha wa zahanati na vituo vya afya, maafisa ustawi wa jamii, walimu wa malezi na unasihi, viongozi wa dini, na wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba kutoka Kyela hadi Makete. Wengi wao wamewahi kuhudhuria mafunzo ya usikivu na kupewa orodha ya mambo ya kufanya: mtazame mteja machoni, egemea mbele, usikunje mikono, tikisa kichwa kuonyesha kwamba unafuatilia. Orodha hiyo ina kazi yake, lakini ikifuatwa bila kuangalia umri wa aliyeketi mbele yako, mila za kwao, safari aliyotoka nayo na hata hali ya hewa ya siku hiyo, mshauri husoma vibaya mwili wa mteja na kujenga hitimisho lisilo la kweli. Msimamo wangu ni kwamba kila ishara inayoonekana kikaoni ilinganishwe na kawaida ya mtu huyo mwenyewe, kisha aulizwe yeye maana yake.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mikoa yetu. Utafiti wa kitaifa kuhusu UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea yalikuwa asilimia 4.4 kwa nchi nzima, na mkoa wa Njombe ndio uliokuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote, asilimia 12.7. Maana yake ni kwamba watu wengi huku kwetu huketi mbele ya mshauri wakiwa na hofu ambayo hawatakuwa tayari kuitaja kwa maneno katika dakika za mwanzo.

Hatua ya kwanza: andaa mahali

Vyumba vya ushauri katika zahanati nyingi ni vidogo, na benchi la wanaosubiri liko mlangoni kabisa. Katika kijiji ambako kila mtu anamfahamu mwenzake, mteja anayehisi kwamba shangazi wa jirani yake anasikia kila neno atazungumza kwa sauti ya chini na kujibu kwa ufupi, na mshauri asiyeangalia mazingira atamwandika kuwa ni mtu mgumu kufunguka. Kwa hiyo sogeza benchi mbali kabla kazi haijaanza. Keti kwanza katika kiti cha mteja, usikilize sauti zinazoingia kutoka nje, kwa sababu zikiingia, za ndani nazo zinatoka. Kisha angalia kama dirisha linamwonyesha kwa wapita njia, na kama linamwonyesha, geuza kiti.

Ondoa meza katikati yenu. Pale ambapo ofisi ina meza kubwa isiyohamishika, keti pembeni mwake ili ninyi wawili mkutane kwenye kona. Mwanaanthropolojia Mmarekani Edward T. Hall, katika maandishi yake ya mwaka 1966, alieleza kwamba watu wanaofahamiana huzungumza wakiwa wameachana kati ya sentimita 45 na mita 1.2, na kwamba mazungumzo ya kazi na ya kirasmi huanzia hapo hadi kama mita 3.6. Vipimo hivyo vilitokana na Wamarekani, hivyo vichukue kama mahali pa kuanzia tu. Weka viti umbali wa mita moja au zaidi kidogo, vikiwa vimeelekeana kwa pembe ili mteja aweze kutazama kando bila kugeuza shingo, halafu mwambie kwamba yuko huru kusogeza kiti chake. Anakokisogeza ni taarifa ya kwanza unayopata kutoka kwake.

Kuna mambo mawili ya huku kwetu ambayo vitabu vya mafunzo havikuyafikiria. La kwanza ni mvua juu ya bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na hasa upande wa Tukuyu, mvua inaweza kumeza kabisa sauti ya mtu aliyeketi mita moja kutoka kwako. Usimlazimishe mteja kupaza sauti ili aeleze siri yake. Mwambie mapema kwamba mvua ikizidi mtanyamaza pamoja hadi ipungue, na ikifika wakati huo kaa naye kwa utulivu bila kushika simu. La pili ni baridi ya Juni na Julai, ambayo nitairudia kwenye kusoma mwili, kwa sababu imewapotosha washauri wengi.

Mshauri wa kiume anayezungumza na binti, au mshauri wa kike anayezungumza na mwanamume katika mazingira yenye maneno mengi, atafute mahali ambapo wataonekana bila kusikika: chini ya mti uani, au chumba chenye dirisha la kioo upande wa korido.

Hatua ya pili: jiandae mwenyewe

Zima simu mbele ya mteja ili aone ukifanya hivyo. Kama umetoka kwenye kikao kizito, tembea kidogo nje na unywe maji kabla ya kumwita anayefuata. Jiulize pia kama una hukumu tayari moyoni, kwa mfano juu ya mtu anayekunywa ulanzi tangu asubuhi au aliyekwenda kwa mganga kabla ya kuja hospitali, kwa maana uso wako utaitangaza hukumu hiyo kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya tatu: pokea, amkia, na ujifunze kawaida ya mteja

Maamkizi ni sehemu ya ushauri, na mshauri anayeyakatisha ili aingie haraka kwenye tatizo hupoteza mambo mawili kwa mpigo: heshima ya mteja, na nafasi ya kumwona akiwa bado hajaingia kwenye jambo linalomuumiza. Ukiwa muuguzi kijana na aliyeingia ni mzee, simama, toa shikamoo yako, mwonyeshe kiti, na umwache akae kwanza. Huko Iringa na Njombe, kumwamkia mtu mzima kwa "kamwene" kunaweza kulegeza mabega yake kuliko maelezo marefu kuhusu huduma zenu. Mama wa kijijini akipiga goti kukuamkia, pokea salamu yake kwa unyenyekevu uleule na umwelekeze kwenye kiti kilicho sawa na chako kwa kimo, ili mazungumzo yenu yasiendelee yeye akiwa chini.

Muulize anapenda aitwe nani. Kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake wa kwanza ni heshima kwetu, lakini kwa aliyefiwa na mtoto huyo jina hilo linaweza kuwa kidonda, na hutajua mpaka uulize. Neno "mwanangu" nalo litumie kwa uangalifu kwa kijana, maana humweka mara moja katika nafasi ya kukaripiwa.

Wakati mnaulizana habari za safari, za mazao na za nyumbani, angalia jinsi anavyokaa anapozungumzia mambo mepesi, kasi ya maneno yake, sauti yake ya kawaida, mikono yake iko wapi, na ni mara ngapi anakutazama. Hiyo ndiyo kawaida yake, na kila utakachokiona baadaye kitapimwa kwa hiyo. Kumbuka kwamba katika maamkizi yetu mtu hujibu kuwa ni mzima hata akiwa hoi, kwa hiyo usiandike popote kwamba mteja alisema hali yake ni nzuri.

Kabla hajaanza kueleza, mweleze kuhusu siri kwa maneno mepesi: kwamba anayoyasema yatabaki kati yenu, isipokuwa pale ambapo uhai wake au wa mtu mwingine uko hatarini, au mtoto anadhuriwa. Muulize pia ana usafiri wa saa ngapi. Mtu aliyetoka kijiji chenye gari moja la abiria kwa siku atatazama mlango kila mara, na ni vizuri ujue mapema kwamba anawaza gari.

Hatua ya nne: mkao na macho

Gerard Egan, mtaalamu wa ushauri wa Marekani aliyeandika katika miaka ya 1970, aliwafundisha washauri mambo matano: kumwelekea mteja, kuwa na mkao usiojifunga, kuegemea mbele kidogo, kumtazama machoni, na kukaa kwa utulivu. Manne kati ya hayo yanafaa huku bila marekebisho makubwa. La macho ndilo linalohitaji busara.

Kijana aliyelelewa kwa maadili ya kwetu hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa wake. Ukimkazia macho, atajiona anahojiwa, na ukisoma kuinama kwake kama uongo au kiburi, utakuwa umemwadhibu kwa malezi mema. Mwanamke mbele ya mshauri wa kiume naye anaweza kutazama pembeni muda wote na bado akawa anasema ukweli mtupu. Njia inayofaa ni kuelekeza macho kwenye eneo la uso kwa ujumla, kuyaondoa kila baada ya muda mfupi kuelekea mikono yake au sakafuni, na kuyarudisha pale anapofika kwenye jambo zito. Iwapo yeye anakutazama moja kwa moja, nawe mtazame hivyo hivyo.

Mteja akizungumza kupitia mkalimani, kama inavyotokea kwa wazee wanaozungumza Kikinga, Kisafwa au Kinyakyusa pekee, mkalimani akae pembeni na nyuma kidogo ya mteja, nawe umtazame mteja hata wakati mkalimani anazungumza. Usimtumie mume, mke wala mtoto wa mteja kufanya kazi hiyo.

Ukihitaji kuandika, sema unachoandika na kwa nini, andika machache, na uweke kalamu chini anapoanza kulia au kusitasita.

Hatua ya tano: sikiliza maneno, na uyarudishe kwake

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo washauri wengi wenye moyo mzuri hukosea, kwa sababu wema wenyewe huwasukuma kusema mapema mno. Mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyeweka msingi wa ushauri unaomfanya mteja kuwa kiini cha kikao, alisisitiza kwamba msikilizaji anapaswa kuingia katika ulimwengu wa mteja kama yeye mteja anavyouona, bila kuuhukumu. Jambo hilo ni rahisi kulitamka na ni gumu kulifanya mbele ya mtu anayelia.

Chukua mfano wa mama mkulima wa viazi anayesema: "Mume wangu ameuza magunia yote, hela sijui iko wapi. Lakini ndiyo maisha." Mshauri mwenye haraka atajibu: "Pole sana, mama, vumilia, Mungu atasaidia." Hakuna neno baya hata moja katika jibu hilo, na bado limefunga mlango. Pole iliyotoka mapema humwambia mteja kwamba habari yake imepokelewa na imekwisha. Agizo la kuvumilia humwambia kwamba mshauri ameshachagua suluhisho. Na jina la Mungu, ambalo wengi wetu tunalitaja kwa imani ya kweli, humfanya aone kuwa kuendelea kulalamika ni kukosa imani.

Jibu la msikilizaji lingekuwa hivi: "Mmelima pamoja, viazi vimeuzwa, na wewe hukuambiwa chochote kuhusu fedha." Kisha nyamaza. Umerudisha maudhui bila kuongeza lako, na mama atakurekebisha kama umekosea au ataendelea. Akiendelea, rudisha hisia: "Inaonekana umeumia zaidi kwa kutoshirikishwa kuliko kwa hela yenyewe." Hapa umekisia, kwa hiyo sema kwa sauti ya mtu anayekisia, ili iwe rahisi kwake kusema hapana. Baadaye urudi kwenye kile alichokipitia haraka: "Uliposema ndiyo maisha, sauti yako ilishuka na ukatazama chini. Ulikuwa unawaza nini pale?" Maneno yanayosemwa kama hitimisho, kama vile ndiyo maisha, basi tu, au nimezoea, mara nyingi yamekalia jambo ambalo mteja hajapata ruhusa ya kulisema.

Wateja wengi wataeleza huzuni kwa kutaja mwili: moyo unaenda mbio, kichwa kinagonga, mawazo yamezidi, usingizi hauji. Tumia maneno hayohayo unaporudisha. Ukiyabadilisha kuwa msongo au sonona kabla ya wakati, umelichukua simulizi lake na kulifanya la hospitali. Wakati huohuo usisahau kwamba kichwa kinaweza kuwa kinagonga kwa sababu ya shinikizo la damu au malaria, na mpeleke akapimwe.

Uliza maswali yanayompa nafasi ya kueleza: "Ilikuwaje siku ile?" au "Nyumbani mnaishije tangu hapo?" Swali la "kwa nini" linasikika kama la mwalimu au la polisi, kwa hiyo liweke akiba. Vitikio vifupi kama "ehe" na "ndiyo" vinatosha kumwonyesha kwamba upo naye, mradi visitoke kwa mfululizo kama mtu anayetaka hadithi iishe.

Hatua ya sita: linda ukimya

Baada ya mteja kusema jambo zito, hesabu polepole moyoni kabla ya kujibu. Ukimya wa mtu anayetafakari unaonekana: macho yametulia mahali pamoja, pumzi inapanda na kushuka taratibu. Ukimya wa mtu aliyekwama kwa hofu au aibu huja na mwili uliokaza, pumzi fupi, na vidole vinavyosokota pindo la kanga. Wa kwanza uache uendelee. Wa pili unahitaji sauti yako, kwa upole: "Hatuna haraka. Unaweza kuanzia popote."

Akilia, usiharakishe kumpa kitambaa mkononi, kwa sababu wengi hukielewa kama agizo la kunyamaza; kiweke karibu akichukue mwenyewe. Kuhusu kumgusa, ushauri wangu ni kutomgusa mteja wa jinsia nyingine hata kidogo, na kwa wa jinsia yako kuomba ruhusa kwanza, kwa maana aliyepigwa au kubakwa anaweza kupokea mkono wa huruma begani kwa mshtuko.

Hatua ya saba: soma mwili kwa tahadhari

Katika semina nyingi husemwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano haitokani na maneno. Takwimu hiyo ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu jinsi watu wanavyotambua kama mtu anapenda au hapendi, pale neno moja linapopingana na sauti au uso. Majaribio hayo hayakupima mazungumzo ya kawaida, na mshauri anayeamini takwimu hiyo ataanza kudharau maneno ya mteja wake. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka hapo ni hiki tu: maneno na mwili vikipingana, simama hapo.

Mikono iliyokunjwa kifuani hufundishwa kuwa dalili ya kujihami. Nenda Njombe mjini au Uyole asubuhi ya Julai uone ni wangapi hawajakunja mikono. Aliyejifunika kitenge hadi kidevuni anaweza kuwa anasikia baridi, na anayejibu polepole anaweza kuwa anatafuta Kiswahili cha neno la kwao. Anayejikunja tumboni huenda ana njaa baada ya kutembea tangu alfajiri. Na yupo anayetabasamu huku akisimulia msiba. Tabasamu hilo mara nyingi ni la aibu au la kuukinga moyo usivunjike mbele ya mgeni, na kumwona kuwa hana uchungu ni kumkosea sana.

Kwa hiyo tafuta mabadiliko badala ya mkao. Mama aliyekuwa amekunja mikono tangu alipoingia hajakuambia lolote; aliyekuwa ameifungua, akaikunja mara jina la baba mkwe lilipotajwa, amekuambia jambo. Tafuta pia ishara zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kama sauti kushuka, miguu kurudi chini ya kiti na pumzi kukatika. Kisha taja ulichokiona bila kukitafsiri: "Nimeona umesogea nyuma nilipomtaja." Usimwambie, "Unamwogopa." Mwachie yeye neno.

Utulivu wa ghafla kwa mtu aliyekuwa katika huzuni nzito, kugawa mali, au maneno ya kuaga yanahitaji swali la wazi: "Je, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akikubali, usimwache peke yake, na mfikishe kwenye hospitali yenye huduma ya afya ya akili siku hiyohiyo.

Wakiwa wawili au zaidi

Mume na mke waketi kwenye pembetatu pamoja nawe, umbali ulio sawa. Angalia nani anamtazama mwenzake kabla ya kujibu. Ukiona mke anasubiri uso wa mumewe kwa kila swali, kutana nao mmojammoja kabla ya kuendelea, na usiseme mbele ya mume kwa nini umeamua hivyo. Katika familia za Kinyakyusa zinazoshika mila, mkamwana hukwepa kukutana na baba mkwe wake. Kuwaweka uso kwa uso katika chumba kimoja ni kuua kikao kabla hakijaanza, na ukimya wa mkamwana hapo hauhusiani na tatizo mlilokutania.

Kwa mtoto, shuka kwenye kimo chake, keti ubavuni pake, na mpe karatasi achore wakati mnaongea. Ukiona dalili za ukatili, usimhoji mara nyingi. Wasiliana na afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapigwa bila malipo.

Kufunga kikao

Dakika kumi kabla ya mwisho, mjulishe kwamba muda unakaribia, fanya muhtasari kwa maneno yake, na umuulize umeacha nini. Usikusanye vitu vyako wakati bado anazungumza. Jambo lililomleta mara nyingi husemwa akiwa amesimama, mkono umeshika kitasa. Likitokea, simama naye, ulitambue kwa sentensi moja, na ama mkae tena au mpange siku ya karibu, kadiri ya uzito wake. Andika kumbukumbu baada ya yeye kuondoka, ukitenganisha ulichokiona na ulichokisia.

Jinsi ya kujizoeza

Kutaneni watatu watatu katika kituo chenu: mmoja mshauri, mmoja mteja mwenye jambo dogo la kweli, mmoja mtazamaji. Zungumzeni kwa dakika kumi, huku mshauri akikatazwa kutoa ushauri wowote na kusema neno pole. Mtazamaji aandike ni lini mwili wa mteja ulibadilika na mshauri alifanya nini wakati huo. Mteja ndiye wa kwanza kuzungumza baadaye, aeleze ni wapi alijisikia amesikika na ni wapi aliachwa, na mtazamaji asome kumbukumbu zake baada ya hapo ili mteja aseme zipi ni sahihi. Badilishaneni nafasi hadi kila mmoja apitie zote tatu.